Picha Isiyoonekana Kwenye Slaidi: Chunguza Kwanza Kama Imo Ndani ya Faili

Wateja wengi wanaotufikia wakiwa na haraka huwa na tatizo la aina moja: wasilisho lao lina maneno yote na rangi zote, lakini mahali pa picha pana kisanduku kitupu, alama ya X nyekundu, au ujumbe unaosema kwamba picha haiwezi kuonyeshwa. Kufikia wakati huo mteja anakuwa ameshazima na kuwasha kompyuta, amebadilisha waya wa projekta, na pengine ameondoa programu nzima na kuisakinisha upya. Juhudi hizo mara nyingi hazileti nafuu, kwa sababu kasoro haimo katika kompyuta inayoonyesha bali katika namna picha ilivyowekwa kwenye wasilisho, au katika aina ya faili ya picha yenyewe.

Kwa hiyo sisi hatuanzi na mipangilio ya programu. Tunaanza kwa kuuliza kama picha hiyo imo ndani ya faili ya wasilisho, au wasilisho linaiita kutoka mahali pengine. Jibu la swali hilo hugawa matatizo katika mafungu mawili ambayo tiba zake hazifanani hata kidogo, na anayelijibu mapema huepuka saa nzima ya kubahatisha.

Picha iliyounganishwa bila kuingizwa

Programu za mawasilisho, zikiwemo PowerPoint na LibreOffice Impress, huruhusu picha kuwekwa kwenye slaidi kwa njia mbili. Njia ya kawaida hunakili picha nzima na kuihifadhi ndani ya faili ya wasilisho, hivyo picha husafiri popote faili inapokwenda. Njia ya pili huandika tu mahali picha ilipo, kwa mfano folda fulani kwenye diski ya kompyuta, na kila wasilisho linapofunguliwa programu huenda kuitafuta huko. Katika PowerPoint ya Windows, njia hii ya pili imefichwa kwenye kishale kidogo kilicho kando ya kitufe cha "Insert" katika dirisha la kuchagulia picha, kwa jina la "Link to File". Katika Impress ni kisanduku cha kuwekea alama ya vema kwenye dirisha la namna hiyo hiyo. Mtu anaweza kuichagua bila kukusudia, au akaichagua kwa makusudi kwa kuwa huifanya faili iwe nyepesi.

Ubaya wake hauonekani siku hiyo. Kwenye kompyuta iliyotumika kuandaa slaidi, picha zote hujitokeza vizuri maana folda bado ipo. Taabu huanza faili inapotumwa kwa barua pepe, inaponakiliwa kwenye flashi, au hata pale mwenye picha anapopanga upya folda zake na kubadilisha jina la mojawapo. Programu hufuata njia ile ile ya zamani, haikuti kitu, na kuweka alama ya X. Ndiyo maana mteja hutuambia kwa uhakika kabisa kwamba kwenye kompyuta yake picha zilikuwa zinaonekana, naye husema kweli.

Kuna njia nyingine mbili ambazo picha huachwa nje bila mtu kujua. Ya kwanza ni kunakili picha kutoka kwenye kivinjari au kwenye ujumbe wa barua pepe na kuibandika moja kwa moja kwenye slaidi, kitendo ambacho wakati mwingine hubeba anwani ya picha badala ya picha yenyewe, kwa hiyo slaidi hutegemea intaneti na hutegemea pia kwamba mwenye tovuti hajaiondoa picha hiyo. Ya pili inahusu hifadhi za mtandaoni kama OneDrive, ambazo zinaweza kuonyesha jina la faili kwenye folda ilhali faili yenyewe iko mtandaoni tu na haijashushwa kwenye kompyuta. Alama ya wingu kando ya jina la faili ndiyo dalili yake. Slaidi iliyounganishwa na picha ya namna hiyo hukosa picha mara intaneti inapokatika.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Faili yenye kiendelezi (yaani zile herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili) cha .pptx, ambacho PowerPoint imekuwa ikikitumia tangu toleo la 2007, kwa kweli ni furushi la ZIP. Tengeneza kwanza nakala ya wasilisho lako, kisha kwenye nakala hiyo badilisha .pptx iwe .zip na uifungue kama folda ya kawaida. Ndani yake utakuta folda inayoitwa ppt, na ndani ya hiyo folda iitwayo media, ambamo picha zote zilizoingizwa kikamilifu huhifadhiwa moja moja. Ikiwa picha unayoitafuta imo humo na inafunguka, basi haijapotea na tatizo liko kwingine. Ikiwa haimo, hakuna mpangilio wowote wa programu utakaoirudisha. Itabidi faili asili itafutwe pale ilipobaki. Mafaili ya Impress yenye kiendelezi cha .odp hufunguka kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa folda yake ya picha huitwa Pictures. Wasilisho la zamani la .ppt halifunguki hivi, hivyo lihifadhi kwanza kama .pptx ndipo uendelee.

Uchunguzi huu tunaupenda kwa sababu nyingine pia: umewahi kuwaokoa watu waliopoteza picha asili na wakabaki na wasilisho peke yake. Picha iliyomo katika folda ya media inaweza kunakiliwa na kutumika kwingine, ingawa huenda ubora wake ulishapunguzwa na programu wakati wa kuhifadhi.

Ukishabaini kwamba picha iliunganishwa tu, itafute faili asili na uiweke upya kwa njia ya kawaida. Si lazima ufute kisanduku kilichoharibika na kuanza kupanga slaidi upya. Katika PowerPoint, bofya kisanduku hicho kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Change Picture", kisha uelekeze kwenye faili. Picha mpya itachukua mahali pa ile iliyokosekana. Baada ya kumaliza, lihamishe wasilisho kwenye kompyuta nyingine kabisa na ulifungue huko, kwa sababu kulijaribu kwenye kompyuta ile ile iliyoliandaa hakuthibitishi lolote.

Je, kuunganisha kuna faida yoyote? Ipo, kwa yule ambaye picha zake hubadilika mara kwa mara na anataka slaidi zifuate mabadiliko hayo bila kuguswa. Kwa mtu wa namna hiyo ushauri wetu ni kuweka wasilisho na picha zake katika folda moja kabla ya kuziunganisha, na kuihamisha folda nzima kila anaposafiri na kazi yake. Kwa wengine wote, wepesi wa faili unaopatikana kwa kuunganisha haulingani na aibu ya kusimama mbele ya watu ukiwa na visanduku vitupu.

Kabla ya kuacha jambo hili, ni vyema kutaja utepe wa manjano unaotokea juu ya dirisha pale faili iliyotoka kwenye barua pepe au intaneti inapofunguliwa. Utepe huo huashiria kwamba programu imelifungua wasilisho katika hali ya ulinzi, na katika hali hiyo vitu vinavyoitwa kutoka nje huzuiwa. Ukiwa unamfahamu aliyekutumia na ulikuwa ukiitarajia faili hiyo, ruhusu uhariri na uone kama picha zitajitokeza. Ukiwa humfahamu, iache kama ilivyo.

Picha imo, lakini programu haiisomi

Fungu la pili lina sababu nyingi zaidi, na kinara wake kwa sasa ni picha za simu. Tangu mfumo wa iOS 11 ulipotoka mwaka 2017, simu za iPhone zenye uwezo huo huhifadhi picha katika muundo wa HEIC, ambao hubana picha vizuri na kuokoa nafasi. Baadhi ya simu za Android nazo hutoa chaguo la kuhifadhi hivyo. Kompyuta za Mac za kisasa huisoma HEIC bila shida, lakini Windows mara nyingi huhitaji viongezo vinavyopatikana katika duka la Microsoft, na programu za zamani za mawasilisho haziitambui kabisa. Matokeo yake ni kwamba picha iliyofunguka vizuri kwenye simu hukataa kuingia kwenye slaidi, au huonekana kwa mwandaaji na kukosekana kwa mpokeaji.

Mwenye iPhone anaweza kuzuia jambo hili kabla halijatokea kwa kuingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", na kuchagua "Most Compatible", ambapo picha mpya zitahifadhiwa kama JPEG. Picha zilizokwishapigwa hazibadiliki kwa kitendo hicho. Hizo zibadilishwe moja moja au kwa mkupuo: kwenye Mac zifungue kwa programu ya Preview na uzihifadhi kama JPEG kwa chaguo la "Export", kwenye Windows iliyokwisha kuwekewa viongezo, zifungue kwa programu ya Photos au Paint na uzihifadhi kwa muundo mwingine.

Ndugu wa karibu wa tatizo hili ni WebP, muundo uliotangazwa na Google mwaka 2010 na ambao sasa hutumiwa na tovuti nyingi. Mtu anapohifadhi picha kutoka mtandaoni, mara nyingi hupata WebP bila kutambua, kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha kiendelezi. Matoleo mapya ya PowerPoint huipokea, ya zamani huikataa. Google Slides nayo inataka picha ziwe JPEG, PNG au GIF, zisizozidi megabaiti 50 wala megapikseli 25, sharti ambalo picha ya megapikseli 48 kutoka kwenye simu ya kisasa hulivunja mara moja hata kama ni JPEG halali.

Hapa ndipo tunapokutana na kosa ambalo tungependa kila mteja alifahamu. Kubadilisha jina la faili kutoka .heic au .webp kuwa .jpg hakubadilishi picha. Yaliyomo ndani yanabaki vile vile, na kinachobadilika ni kwamba sasa programu inadanganywa kuhusu inachokifungua. Baadhi ya programu za kutazamia picha huchunguza yaliyomo badala ya jina, hivyo huonyesha picha bila kulalamika na kumpa mtu imani kwamba amefanikiwa, ilhali programu ya mawasilisho inayoamini jina hushindwa. Tumepokea folda nzima za picha zilizobadilishwa majina kwa mtindo huu, na kuzitenganisha tena kulichukua muda mrefu kuliko kuzigeuza kihalali.

Ukitaka kujua picha ni ya aina gani hasa, ifungue nakala yake kwa programu ya kuandikia matini tupu, kama vile Notepad, na utazame herufi za mwanzo kabisa. Nyingi zitakuwa alama zisizosomeka, lakini katikati yake JPEG kwa kawaida huonyesha neno JFIF au Exif, PNG huonyesha PNG, picha ya WebP huanza na RIFF na kufuatiwa na WEBP, na HEIC kwa kawaida huonyesha ftypheic. Ukikuta maandishi yanayosomeka yanayoanza na DOCTYPE html, basi ulichohifadhi si picha kamwe bali ni ukurasa wa tovuti uliopewa jina la picha. Funga dirisha bila kuhifadhi chochote.

Picha zinazotoka kwa wachapishaji huleta shida ya namna nyingine. Nyingi huwa katika mpangilio wa rangi wa CMYK, unaofuata wino nne za mashine ya uchapaji, wakati skrini na projekta hutumia mpangilio wa RGB. Faili inaweza kuwa JPEG halisi kabisa, yenye kiendelezi sahihi, na bado programu ya zamani ikaweka alama ya X, au ikaionyesha kwa rangi zilizopauka na kugeuka. Anayekuandalia nembo au mabango akupe toleo la RGB kwa ajili ya slaidi. Ni kazi ndogo kwake. Picha ghafi za kamera, zenye viendelezi kama CR2, NEF na ARW, hazikukusudiwa kuwekwa kwenye slaidi na hubadilishwa kwanza kwa programu ya kuhariri picha.

Kwa wanaofungua mawasilisho ya miaka mingi iliyopita, upo ujumbe mmoja wa ajabu: mahali pa picha huonekana maandishi yanayosema kwamba QuickTime na kifungua-mbano fulani vinahitajika ili kuona picha. Hutokea kwa slaidi zilizoandaliwa kwenye Mac za zamani, ambapo picha iliyoburutwa au kubandikwa ilihifadhiwa katika muundo uliotegemea QuickTime. Usiende kutafuta QuickTime ya Windows, kwani Apple iliacha kuihudumia mwaka 2016 na kuiweka ni kujitafutia hatari ya kiusalama. Tafuta picha asili, au fungua wasilisho kwenye Mac inayoweza kuisoma na uihifadhi picha kama PNG.

Katika haya yote msimamo wetu ni mmoja: picha za slaidi ziwe JPEG, na nembo au michoro yenye mandhari angavu, yaani isiyo na rangi yoyote nyuma yake, iwe PNG. JPEG ilisanifiwa mwaka 1992 na PNG mwaka 1996, na ni vigumu leo kupata programu ya mawasilisho isiyozisoma zote mbili. Miundo mipya ina ubora wake, lakini slaidi huonyeshwa mara nyingi kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ambayo hukuichagua wewe na hujui ina toleo gani la programu.

Picha nzito kupita kiasi

Ukubwa wa faili kwenye diski haueleweshi mzigo halisi wa picha. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 inaweza kuchukua megabaiti 8 tu ikiwa JPEG, lakini kompyuta inapoionyesha huilazimu kuikunjua, na kwa kawaida ya baiti nne kwa kila pikseli hiyo ni karibu megabaiti 96 za kumbukumbu kwa picha moja. Weka kumi za namna hiyo na athari za mpito kati ya slaidi, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itachelewa, itaonyesha slaidi nyeusi, au itaacha visanduku vitupu. Wakati huo huo projekta ya pikseli 1920 kwa 1080 huonyesha pikseli milioni mbili hivi, yaani karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya ulichoipa. Zilizobaki hakuna anayeziona.

Katika PowerPoint, chaguo la "Compress Pictures" lipo kwenye kichupo cha kuhariri picha. Slaidi ya kawaida ya uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa inchi 13.33, kwa hiyo ukichagua pikseli 150 kwa inchi, picha inayojaza slaidi nzima itabaki na upana wa pikseli 2000, unaotosha kwa projekta hiyo. Fanya hivyo kwenye nakala, kwa sababu ubora unaoondolewa haurudi baada ya kuhifadhi, na sehemu ulizokata pembeni nazo hufutwa ukiruhusu hivyo.

Picha iliyopo lakini imefichika

Wakati mwingine picha ni nzima kabisa ila haionekani. Inaweza kuwa nyuma ya kitu kingine, imefichwa, au ina uhuishaji unaoiondoa kabla mtazamaji hajaiona. Bonyeza Alt na F10 kwenye PowerPoint ya Windows, nayo itafungua orodha ya vitu vyote vya slaidi pamoja na alama ya jicho inayoonyesha kipi kimefichwa. Nembo nyeupe yenye mandhari angavu iliyowekwa juu ya slaidi nyeupe nayo ni kisa cha kuchekesha, lakini hutokea zaidi ya unavyofikiri. Picha ikionekana wakati wa kuhariri na kupotea wakati wa kuonyesha tu, shuku kadi ya michoro: sasisha kiendeshi chake, yaani programu inayoiendesha, kisha jaribu tena.

Picha inayoonekana nusu, ikiwa na sehemu ya chini ya kijivu, imekatika wakati wa kunakiliwa, mara nyingi kwa sababu flashi au kadi ya kamera ilichomolewa mapema. Hakuna programu ya slaidi itakayoikamilisha; rudi kwenye kadi kabla hujaifuta. Picha inayolala ubavu haina hitilafu, bali ina alama ya mwelekeo iliyoandikwa na kamera ambayo programu yako haikuifuata. Izungushe kwa programu ya picha na uihifadhi upya kabla ya kuiweka.

Unapotuletea wasilisho

Tunaomba utuletee faili ya wasilisho pamoja na picha asili kutoka kwenye simu au kamera, na utueleze ni programu gani na toleo gani litakalotumika siku ya kuonyesha, kwa sababu jibu la mwisho hutegemea kompyuta hiyo. Picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa kosa hutusaidia sana. Ukituma picha kwa WhatsApp, zitume kama nyaraka wala si kama picha, maana zikitumwa kama picha hupunguzwa ubora na huenda zikatufikia zikiwa katika muundo tofauti na ule unaokusumbua, tukashindwa kuliona tatizo lenyewe. Faili ikiwa kubwa kuliko kiwango kinachokubaliwa na barua pepe yako, ipakie kwenye hifadhi ya mtandaoni na ututumie kiungo, ukihakikisha kwamba kinaturuhusu kuipakua na si kuitazama tu, kwani bila kuipakua hatuwezi kuifungua ndani na kukagua folda ya picha.